Koti Lililoshika Zamu

Wewe unayesoma hapa, umewahi kufika kazini asubuhi, wa kwanza kabisa, taa bado hazijawashwa, ukakuta kiti chako kina joto?

Na sisemi joto la jua. Ofisi ile madirisha yake yalikuwa yamebandikwa karatasi nyeusi, na kiyoyozi kilivuma kutwa mpaka vidole vinakufa ganzi. Nasema joto la makalio. Joto la mtu aliyenyanyuka sasa hivi kukupisha. Ndilo alilolikalia Asali asubuhi ile, akaruka, akageuka kukitazama kiti. Hakuna mtu. Kulikuwa na koti lake tu, limevalishwa mgongo wa kiti kama alivyoliacha, mikono inaning'inia. Na linanuka. Harufu yenyewe unaijua: nguo iliyokunjwa ikiwa mbichi, ikasahauliwa kabatini.

"Kocha kalala hapa nini?" alisema mwenzake wa meza ya pili, ambaye ofisi nzima ilimwita Jirani. "Labda mkewe kamfungia nje."

"Mwanamke mwenye akili zake," alijibu Asali.

Wakacheka kwa chini. Pale hata kicheko kilirekodiwa.

Asali halikuwa jina lake, lilikuwa sauti yake. Kazi yao ilikuwa kupokea simu za wateja wa kampuni nyingine: mashine ya kufulia imegoma, mzigo haujafika, mtu katukanwa dukani anataka kumtukana mtu naye. Mteja anapiga akiwa simba, Asali anasema, "Karibu, unaongea na Asali, nikusaidie nini?" na simba anakuwa paka. Nyumbani sauti hiyo hiyo ilikuwa ikimlaza mwanawe wa miaka mitatu, Kibonge, ambaye hakubali kusinzia mpaka mama amwimbie wimbo wa kutunga mwenyewe, wa tembo aliyepoteza kiatu.

Na mshahara? Tuseme ukweli, maana wivu hausaidii: mshahara ulikuwa mshahara. Uliingia siku ile ile, haujawahi kuchelewa hata saa. Bima ya familia nzima. Shule ya Kibonge ilikuwa na bembea. Mumewe, fundi friji, alinunua vifaa vyake mwenyewe akaacha kuazima. Sisi wengine, wenye digrii zilizopigwa laminesheni zikalazwa chini ya godoro, tulikuwa tukipita chini ya jengo lile tunatazama juu kama watu wanaosubiri mwezi uandame. Good package, tuliambiana. Competitive. Mtu akisema watu wanalia humo ndani, tunamjibu: mimi nipeni, nitalia kwa raha zangu.

Na walikuwa wanalia. Bosi wao hakutaka kuitwa bosi, alitaka kuitwa Kocha. "We are a family here," alipenda kusema, na familia hiyo ilinyoosha kidole ili iende chooni. Likizo iliandikwa kwenye mkataba, ila jaribu kuiomba uone sura utakayopewa. Kuna dada mmoja alipokea habari ya msiba wa baba yake, akamalizia simu ya mteja machozi yakimtiririka shingoni, anasema, "Nakuelewa kabisa, na samahani sana kwa usumbufu." Kocha alimpigia makofi mbele ya wote. Professionalism, alisema.

Sasa ije habari ya makoti. Kwa sababu ya baridi, kampuni ilimpa kila mfanyakazi koti zito la buluu, nembo kifuani. Kocha alikuwa na desturi ya kusimama mlangoni na kutazama viti kwa juu juu tu. Kiti kitupu chenye koti: mtu yupo, yuko karibu, anajituma. Kiti kitupu kisicho na koti: mvivu kaenda kwao. "Koti likionekana, mtu yupo," ndivyo alivyosema, na watu si wajinga, wakajifunza. Ukienda kula, unaliacha koti, unatetemeka kwenye korido. Ukirudi nyumbani, unaliacha. Jioni ofisi ile ilikuwa safu kwa safu za mabega matupu, yametazama skrini zilizozimwa.

Mchana mmoja Asali alipigiwa simu kutoka shuleni. Kibonge ana homa, anatapika, aje amchukue. Mumewe alikuwa juu ya paa la hoteli anafunga mashine, simu yake haipatikani. Asali akanyoosha kidole. Kocha akaja, akasikiliza, akatabasamu.

"Pole sana, dada. Kwani mtoto hana baba?"

"Hapatikani, Kocha. Saa moja tu, narudi."

"Sikukatazi. Am I stopping you? Nenda. Ila ukiniachia kiti wazi leo, kesho usisumbuke kurudi."

Akaondoka anapiga mluzi.  Asali akavua koti, akalivalisha kiti vizuri kuliko siku zote, akalifunga vifungo, akalinyoosha kola. Akalipiga bega kidogo kama unavyompiga mtu unayemwamini.

"Haya, mwenzangu," alilinong'oneza. "Nishikie zamu. Wakiniita, itika."

Utani. Jirani alimsikia, akacheka. Asali akashuka kwa ngazi za nyuma, na hakurudi siku hiyo.

Kesho yake aliingia akiwa tayari kufukuzwa. Kocha alimpokea mlangoni kwa mikono miwili.

"Asali! Jana ulikuwa moto! Hujanyanyuka hata kwenda chooni. Jamani, mnamuona huyu? Hivi ndivyo ninavyotaka!"

Asali alidhani ni kejeli. Akakaa. Kiti kilikuwa na joto tena, kama ile asubuhi ya kwanza. Akamgeukia Jirani, na Jirani hakuwa na utani siku hiyo, alikuwa anauma ukucha.

"Nani alikaa hapa jana?"

"Wewe."

"Jirani, mimi nilikuwa hospitali na mtoto, niliondoka mbele ya macho yako."

"Najua. Ndiyo maana sikulala." Jirani alishusha sauti mpaka ikabaki pumzi. "Niliinua macho nikakuona umekaa. Mgongo wako. Unaongea na wateja, sauti ni yako, Asali, hata kile kicheko chako kidogo. Nikadhani umerudi. Nikakuita. Uliitika 'bee', lakini hukugeuka. Nilikuita tena. 'Bee.' Hukugeuka mpaka natoka."

"Uliuona uso?"

"Nimekwambia hukugeuka! Na mimi sikutaka ugeuke."

Ungefanya nini? Ungeacha kazi, eti? Usinidanganye. Kodi ya nyumba inalipwa na nini? Asali alijiambia Jirani kachoka, wote wamechoka, na uchovu huleta maruweruwe. Na siku moja ya shida nyingine akalipiga tena koti bega: nishikie, mwenzangu. Ikawa hivyo tena. Ikawa mazoea. Mchana anateremka ngazi za nyuma, anamchukua mwanawe shuleni, anapika mapema, anacheka na mumewe, na huko juu simu zinapokelewa. Akawa mfanyakazi bora. Akaongezwa mshahara. Mumewe akauliza, "Siku hizi wamekuwa watu?" Akajibu, "Wamekuwa watu."

Ila hiyo "watu" ilitoka na mkwaruzo.

Alidhani ni mafua. Akanywa maji ya moto na limau. Mkwaruzo ukakaa. Kila alipotoka kazini mapema, alirudi nyumbani na sauti pungufu kidogo, kama sabuni inayoisha bafuni huku hujui nani anaitumia. Daktari wa bima alimulika koo, akasema ni safi kabisa. Jioni moja alimwimbia Kibonge wimbo wa tembo, na mtoto akamziba mdomo kwa kiganja.

"Siyo wewe," alisema Kibonge. "Muite mama."

Jumapili ya wiki hiyo, mchana kweupe, jua limejaa uani, Asali alikuwa amemkalisha Kibonge kwenye beseni anamwogesha, na mumewe amekaa kizingitini anapekua simu. Alitaka kupiga kwa muuza vipuri. Kidole kikateleza, kikagusa ile namba ya ofisini kwa mkewe aliyoihifadhi kwa dharura. Simu ikaita mara moja tu. Jumapili, ofisi imefungwa, mlango una kufuli.

"Karibu, unaongea na Asali, nikusaidie nini?"

Fundi friji alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa ameinama, midomo imefungwa, anamsugua mtoto kisigino.

"Asali?" alisema kwenye simu, na sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtu mwingine.

"Abee, mume wangu."

Sauti ilikuwa tamu na nzima, bila mkwaruzo wowote, ile ile aliyoipenda kabla hajauona uso wa mwenyewe, na nyuma yake kulikuwa na kitu kinachosuguana taratibu, kama kitambaa kinachojikunja na kujikunjua, na kiti kinachozunguka nusu, kinarudi, kinazunguka nusu, kinarudi, na ingawa simu haina pua, aliapa baadaye kwamba harufu ya nguo mbichi ilimjia mpaka puani, pale pale juani, karibu na beseni la maji ya moto.

"Nimefanya kazi sana," ilisema. "Nije nyumbani sasa? Mtoto hajalala. Niambie tu nije."

Na Kibonge, ndani ya beseni, akanyanyua kichwa, akaitazama simu kwa uso uliochanua.

"Mama!" aliita.

Fundi aliitupa simu kwenye ndoo.

Walikwenda siku hiyo hiyo kwa shangazi yake fundi, aliyeuza mitumba. Tangu ujana wake mwanamke yule alikuwa akifungua marobota ya nguo za watu asiowajua, na kuna nguo, alikuwa akisema, huja na mwenyewe ndani. Aliyejua kazi yake hiyo nyingine, ya kuwatoa waliomo, alimfuata bila kelele. Shangazi alimshika Asali shingo, akamwambia aseme "aaa". Akatikisa kichwa.

"Mwanangu, uliliambia nini?"

"Nilitania tu, Shangazi. Nilisema linishikie zamu." Kila neno alilivuta kama ndoo ya kisima kirefu. "Kwamba nikiitwa, liitike."

"Hee! Nguo tupu, imekaa sehemu yenye baridi na machozi ya watu, unaipa kazi na ruhusa ya kuitika? Wenzetu wale hawana utani. Mahali penye kilio ndipo wanapotafuta pa kukaa, na wewe umemfungia na vifungo." Akamwachia shingo. "Anakula sauti. Ikiisha, atataka mengine. Atataka huyu mtoto."

"Tufanye nini?" aliuliza fundi.

"Aliyempa zamu ndiye ampokonye. Aende na kinywa chake mwenyewe, amwambie, 'Zamu yako imekwisha,' maneno yote yatoke, kisha alivue koti kitini aniletee nilichome. Afunge mdomo kuanzia sasa. Asitoe hata kikohozi. Sauti iliyobaki humo haitoshi kuchezea."

"Na isipotosha?"

Shangazi alifikiri. "Basi atabaki aliyelitoa hilo koti tangu mwanzo. Alitoe mwenyewe kwa hiari yake, mkononi. Lakini hao," alisema, akiwa anawajua mabosi kwa kuwauzia suti, "wana mikono migumu."

Asubuhi Asali alipanda ngazi za nyuma, mumewe nyuma yake, mlinzi kashikishwa kitu kidogo. Ofisi ilikuwa imejaa, watu wanaongea kwa pamoja ile sauti ya nyuki wenye adabu. Na kwa mara ya kwanza, kwa kuwa hakuja kukaa, Asali aliuona ukumbi wote kama anavyouona Kocha, kutoka mlangoni, kwa juu juu, na akaona jambo ambalo mtu aliyeinamia skrini haoni: kule mwisho, kwenye safu iliyosemwa ni ya zamu nyingine, yalikaa makoti yaliyojaa mabega, yamefungwa vifungo mpaka juu, na juu ya kola hakukuwa na vichwa wala shingo, ila vile visikilizio vya simu vilikuwa vimesimama hewani mahali ambapo masikio yangekuwa, na kutoka humo zilitoka sauti za watu aliowafahamu, yule dada wa msiba aliyeondoka bila kuaga, yule kaka wa vichekesho waliyeambiwa amepata kazi ng'ambo, wote wanasema kwa utulivu, "Nakuelewa kabisa, na samahani sana kwa usumbufu."

Kwenye kiti chake yeye, pale dirishani, mgongo wa buluu ulikuwa umekaa wima. Jirani, pembeni, alikuwa analia bila sauti huku akiandika.

"Asali wangu." Kocha alikuwa ameshafika, anatabasamu. "Unatafuta nini? Leo si uko kazini?"

"Tunataka koti," alisema fundi. "Tunaondoka nalo."

"Koti ni mali ya kampuni, bwana. Company property. Lina nembo." Akamvuta Asali kando, sauti ikawa ya kirafiki. "Sikiliza, dada. Kwani shida iko wapi? Kaa nyumbani, lea mtoto. Mshahara utaingia kama kawaida, na nyongeza nitakupigania mwenyewe. Yule haumwi. Hana msiba. Hanyooshi kidole. It's a win-win. Wenzako walishukuru."

Asali hakumjibu, alikuwa na maneno matatu tu ya kutumia. Alimpita. Akatembea kati ya meza, na kila hatua ubaridi ulizidi kumpanda miguuni, na harufu ile ikamjaa kinywani kama kitambaa alichosokomezwa, na watu aliowapita wakawa wanainamisha vichwa, kwa kuwa kila mmoja wao alishawahi kulipiga koti lake bega, mpaka akasimama nyuma ya kiti chake, akaweka mkono juu ya bega la buluu, na chini ya kitambaa kitu kikamshtukia mkono, laini, chenye joto, kama mnyama aliyeamshwa.

Akafungua mdomo.

"Zamu yako..."

Sauti ilitoka. Yake, ya asali, ndogo lakini nzima. Ukumbi wote ukanyamaza. Hata safu ya mwisho ilinyamaza.

"...im..."

Ikakatika hapo. Alivuta pumzi, akasukuma, mishipa ya shingo ikasimama. Hewa tupu. Akasukuma tena. Na kiti, taratibu, kikaanza kuzunguka.

Mumewe alikuwa mbali, mlinzi mwingine, wa ndani, keshamshika. Aliona kola ikimgeukia mkewe, aliona ndani ya kola giza lililokunjamana kama bitana ya nguo, na akasikia, kwa upole ule uliokuwa ukimaliza hasira za wateja, neno likimaliziwa.

"...imekwisha. Zamu yako imekwisha, dada. Asante kwa kazi nzuri. Nenda nyumbani."

Kikageuka tena kwenye skrini. Simu ikaita.

"Karibu, unaongea na Asali, nikusaidie nini?"

Wafanyakazi walisimama kumpisha Asali apite. Kocha alipiga makofi. Mmoja mmoja, kwa woga, nao wakapiga.

Siku hizi Asali humwita mwanawe kwa kupiga makofi. Kibonge anaitika, ila anakuja kwa mashaka, na usingizi ukimkaribia anakwenda kukaa karibu na simu mpya ya baba yake. Fundi alikwenda pale jengoni kudai koti akarudi na jicho limevimba. Mshahara unaingia siku ile ile, hauchelewi hata saa. Jirani ameacha kazi na kuondoka na koti lake mwenyewe amelikumbatia, na ndiye aliyeyasema haya yote. Na juzi tangazo limetoka tena: wanatafuta vijana wenye shahada, wenye sauti nzuri, good package, ofisi ina baridi, koti utapewa. Foleni ilizunguka jengo. Usiniulize kama nilikuwepo.

Basi ninyi wenye kampuni, ninyi wakurugenzi mnaotuma Kocha asimame mlangoni badala yenu, na ninyi maofisa wa kazi mnaopita pale kukagua, mnakunywa chai, mnahesabu mabega na kusema wafanyakazi wapo wote: hatutaki makofi, hatutaki nyongeza. Shukeni kwenye ghorofa yenu mkafungue vile vifungo kwa mikono yenu. Lile koti la kwenye kiti cha dirishani ninyi ndio mliolitoa, na ninyi tu ndio mliobaki wa kulitoa. Mpeni Asali, mkononi, kwa hiari, leo, kabla mtoto hajajifunza kupiga ile namba.